Gari ya sura nzuri hailishi familia

LUBUMBASHI – Kuna uongo mmoja unaouzwa katika parkingi za magari yaliyotumika hapa mjini. Unasema hivi: mwenye akiba ndogo anunue gari ndogo yenye sura ya zamani, ile yenye taa za mviringo na mgongo wa duara, kwa sababu bei yake ni nafuu, inakunywa esanse kidogo, haipotezi thamani, na siku ya shida itafanya kazi ya taksi. Komisioneri ataongeza kwa sauti tamu: "Papa, hii gari haina matata hata kidogo. Kila mtu atakuangalia."

Hilo la mwisho ni kweli. Kila mtu atamwangalia, hasa siku atakapoisukuma.

Uongo huu ungekuwa jambo la kuchekesha kama ungewafikia matajiri peke yao. Lakini unawafikia pia watu wasio na nafasi ya kukosea. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, watu wametawanyika kila upande wa nchi, na wengine wamefika mpaka huku Haut-Katanga. Kabla yao walikuwa wamefika watu wa Mitwaba, Pweto na Manono, waliofukuzwa na vita vya ile Pembetatu ya Kifo. Wengi walikuja mikono mitupu. Lakini wako waliokuja na fedha ya mwisho: ya shamba lililouzwa haraka, ya duka lililofungwa, au ya ndugu aliyetuma kutoka Ulaya. Fedha hiyo ni moja tu, haina ya pili. Baba anakaa na mama wanashauriana: tufanye nini nayo isije ikaliwa na kodi ya nyumba? Jibu la watu wengi ni gari. Gari itafanya taksi, taksi italipa minervali ya watoto.

Wazo hilo si baya. Baya ni gari wanayoonyeshwa. Kwa hiyo neno lisemwe wazi: gari si mtaji mpaka piesi zake ziwe sokoni na fundi wake awe mtaani. Bila vitu hivyo viwili, gari ni pambo, tena pambo linalodai pesa kila mwezi.

Sura ya babu, tumbo la mgeni

Wazee wanaikumbuka Volkswagen ya zamani, ile Coccinelle. Injini yake ilikaa nyuma na ilipozwa kwa hewa, bila maji na bila radiata. Fundi mwenye funguo chache na mikono yenye akili aliweza kuishusha injini, kuitengeneza na kuirudisha. Mini ya Uingereza, iliyotoka mwaka 1959, ilizaliwa baada ya mgogoro wa Suez wa 1956, mafuta yalipokuwa shida huko Ulaya na watu wakataka gari inayokunywa kidogo. Fiat 500 ya Italia, ya mwaka 1957, ilitengenezwa kwa familia zilizokuwa zikipanda pikipiki. Magari hayo matatu yalipendwa kwa sababu yalikuwa ya watu wa kawaida. Udogo wao ulikuwa na sababu, na urahisi wao ulikuwa ndani, chini ya boneti, wala si usoni.

Baadaye makampuni yalirudi kuchukua sura ile na kuacha tumbo. Nissan ilianza huko Japani: Be-1 ya mwaka 1987, iliyotengenezwa magari 10,000 tu, kisha Pao ya 1989, kisha Figaro ya 1991, iliyotengenezwa magari 20,000, na wanunuzi wakachaguliwa kwa bahati nasibu. Volkswagen ikaleta New Beetle mwishoni mwa 1997. BMW ikaleta MINI mpya mwaka 2001. Fiat ikafufua jina la 500 mwaka 2007.

Tazama New Beetle. Uso ni wa Coccinelle, lakini chini yake ni Golf ya kizazi cha nne: injini iko mbele, inapozwa kwa maji, na kazi yake inaongozwa na kompyuta. Fundi wa Katuba aliyeijua Coccinelle kwa miaka 20 akifungua gari hiyo hatakuta hata kitu kimoja anachokijua. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Makampuni hayo hayakumdanganya mtu. Yaliwauzia kumbukumbu watu wenye mishahara, katika miji yenye garaji za kampuni, vifaa vya kupimia na ghala za piesi. Udanganyifu unaanza pale kumbukumbu ya tajiri inapovuka mpaka wa Kasumbalesa na kuitwa gari ya maskini.

Rahisi huko, ghali hapa

"Imetoka Japani, bado mpya," ndivyo inavyosemwa. Ni kweli kwamba magari mengi ya Japani yanauzwa yakiwa bado na nguvu. Sababu moja ni sheria ya kule: gari mpya inakaguliwa na serikali baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Mjapani wengi akiona gharama inakaribia, anaona afadhali auze. Lakini sheria hiyo inaeleza kwa nini gari ni rahisi Yokohama. Haielezi kwa nini iwe rahisi Lubumbashi.

Kati ya miji hiyo miwili kuna meli mpaka Dar es Salaam. Halafu kuna njia ya karibu kilomita 2,000: Tunduma, Zambia yote kutoka kaskazini mpaka Copperbelt, halafu Kasumbalesa. Katika safari hiyo kila mtu anakula: bandari, wakala, dereva wa kuivusha, walinzi wa parkingi. Mara nyingi gari ikifika, jeki haipo, gurudumu la akiba halipo, redio imeng'olewa. Na hata redio ikibaki, msikilizaji atashangaa: redio nyingi za zamani za gari za Japani zilitengenezwa kwa masafa ya FM ya kule ya wakati ule, kuanzia 76 mpaka 90, wakati stesheni za huku zinapanda mpaka 108. Gari inafika, lakini haisikii sehemu kubwa ya sauti za mji.

Kisha ushuru. Forodha haihesabu bei ya gari peke yake. Inahesabu bei pamoja na nauli ya meli na asiransi ya safari. Halafu TVA ya asilimia 16 inakaa juu ya jumla hiyo, pamoja na ushuru wenyewe. Tuseme jumla ya bei, nauli, asiransi na ushuru imefika dola 4,000: TVA peke yake ni dola 640. Bado karti roze, plaka, asiransi ya mwaka na kontroli tekniki. Komisioneri anayemwonyesha mgeni picha kwenye simu, yenye bei ya Japani chini yake, hamwonyeshi bei. Anamwonyesha mlango wa bei.

Na kuna usukani. Congo tunapita upande wa kulia wa njia, Japani wanapita kushoto, kwa hiyo magari ya kule yana usukani kulia. Dereva anayetaka kupita lori hawezi kuona mbele mpaka atoe nusu ya gari katikati ya njia. Kinshasa imekataza magari hayo zaidi ya mara moja, kwa karatasi. Nayo yanaendelea kupita Kasumbalesa mchana kweupe na kujaza njia za Lubumbashi. Matokeo yake ni kwamba kila mara katazo linapofufuka, anayesimamishwa njiani ni yule aliyenunua. Aliyeagiza na aliyepitisha hawaguswi.

Wengine wanasema usukani utageuzwa kwenye garaji. Kwa gari iliyojaa mjini, fundi huwa anajua pa kutafuta dashibodi na vyuma vya upande wa pili. Kwa gari ya pekee atakata na kuunganisha. Usukani uliounganishwa kwa kubahatisha ni kitu cha kubebea wateja na watoto wa shule?

Mtihani wa taksi

Sasa gari hiyo iingie kazini. Asubuhi ya kwanza, kituo cha Kenya, wateja wanne wanataka kwenda mjini. MINI ya kawaida, Fiat 500, New Beetle, Figaro: zote zina milango miwili tu. Mama mwenye mtoto mgongoni na beseni la mboga atainamaje, akunje kiti cha mbele, apite nyuma? Hatapita. Atapanda IST inayofuata.

Toyota IST haina sura ya kuimba. Lakini ile ya kwanza, iliyotoka mwaka 2002, ina milango mitano, gia za otomatiki za kawaida za hatua nne, na injini ya lita 1.3 au 1.5 ambayo iko pia ndani ya Vitz na ndugu zake wengine wa Toyota. Hapo ndipo siri ilipo. Injini moja ikiwa ndani ya magari ya aina nyingi, piesi zake zinakuwa kama chumvi: kila duka linazo. Fundi wa Ruashi amekwisha kuifungua mara nyingi. Anajua sauti yake ikiwa mgonjwa. Gari ikianguka pane asubuhi, mara nyingi jioni inarudi njiani.

Upande wa pili, chukua MINI ya kwanza ya BMW yenye gia za otomatiki. Aina nyingi za Cooper za miaka ile zilipewa gia ya CVT, ambayo ndani yake hakuna hatua za gia bali mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili. Gia hiyo inataka mafuta yake yenyewe. Ikitiwa mafuta ya otomatiki ya kawaida, mkanda unateleza, unakwaruza puli, na gia inakufa. Ni wangapi kando ya njia wanaouza mafuta hayo? Tena MINI kadhaa ziliuzwa bila gurudumu la akiba, kwa sababu zilivalishwa pine ngumu zinazoweza kutembea kidogo bila upepo. Kule Ujerumani hilo ni raha. Kwenye mashimo ya Kasungami au Hewa Bora, wakati wa mvua, maji yakifunika njia na mtu hajui kina cha shimo, hilo ni kulala njiani.

Esanse nayo ina hesabu yake. Gari ndogo haiwi lazima yenye kiu kidogo. Zile zenye turbo zinataka esanse bora, na esanse inayonunuliwa kwa kidumu kwa wale wanaoitwa Kadhafi haina cheti. Injini ya zamani isiyo na turbo itakohoa na kuendelea. Injini nyepesi yenye turbo na vipimo vya kompyuta itawasha taa ya dashibodi, na taa hiyo itataka mashine ya kuisoma, na mashine itataka mtu anayeijua kampuni ile.

Hapo ndipo familia inapoanza kuumia. Piesi haipo Lubumbashi, itaagizwa Dubai au Afrika Kusini. Wiki ya kwanza, wiki ya pili, wiki ya tatu. Mwenye nyumba hasubiri piesi. Shule haisubiri piesi. Katika kazi ya taksi, gari isiyotembea siku moja ni chakula cha siku moja kisichoingia nyumbani. Anayemuuzia mhamishwa gari ya namna hiyo anajua hesabu hii vizuri kuliko mtu yeyote.

Thamani iko kwa nani?

Utetezi wa mwisho wa wauzaji ni kwamba gari ya nadra haipotezi thamani. Wanataja Figaro, ambayo huko Uingereza ina wapenzi wengi wanaoitunza na kuitafuta. Ni kweli. Lakini bei haikai ndani ya chuma. Bei inakaa kwa mtu aliye tayari kutoa fedha. Wapenzi wa Figaro wako Uingereza, hawako Kampemba. Mtoto akilazwa hospitali Jumatatu asubuhi na fedha ikihitajika kabla ya jioni, IST iliyochoka itapata mnunuzi, kwa sababu kila dereva anajua ataifanyia nini. Gari ya nadra itapata watu wa kupiga nayo picha. Unadra ambao kwa tajiri ni sifa, kwa maskini ni gereza: hawezi kuitengeneza na hawezi kuiuza.

Je, maskini hana haki ya kitu kizuri?

Wako watakaosema maneno haya ni ya kuwadharau watu. Kwani mtu aliyekimbia vita amehukumiwa kupanda vitu vibaya? Aliyepoteza nyumba hawezi kutamani gari ya rangi ya maziwa na taa za mviringo? Swali ni la haki, na jibu ni ndiyo, anaweza. Lubumbashi ni mji unaopenda uzuri. Watu hapa wanapiga pasi shati moja mpaka ling'ae na kwenda nalo kanisani kwa heshima zote. Hakuna aibu katika kutamani.

Anayekaa mtaa wa Golf, mwenye gari nyingine ya kazi na mshahara wa kampuni ya madini, anunue MINI yake na afurahi. Ikikaa miezi miwili garaji, watoto wake watakula. Tofauti haiko kwenye haki ya kupenda. Iko kwenye nani analipa kosa. Kumwambia mtu ukweli kabla hajatoa fedha yake ya mwisho si kumdharau. Kumdharau ni kumnyamazia, halafu kumwita mjinga akishapoteza.

Nani ajibu

Kwanza wajibu wauzaji na makomisioneri. Bei iandikwe yote kwenye karatasi moja: gari, nauli, ushuru, TVA, karti roze, plaka. Iandikwe pia mwaka wa kutengenezwa na namba ya shasi. Mnunuzi aruhusiwe kuja na fundi wake mwenyewe, si fundi anayekaa kwenye parkingi na kulipwa na muuzaji. Komisioneri anayepokea kwa muuzaji na kwa mnunuzi aseme hivyo mbele ya wote wawili. Muuzaji anayekataa mambo haya manne amekwisha kujibu.

Pili, serikali. Ikiwa usukani wa kulia ni hatari, na ni hatari kweli, basi mlango ufungwe Kasumbalesa. Ikiwa mlango uko wazi na forodha inapokea ushuru na kupiga muhuri, basi mwenye gari asitendewe kama mhalifu kila anapokutana na polisi wa njia. Dola haiwezi kula kwa mkono mmoja na kupiga kwa mkono mwingine, mlo na kipigo vikimwangukia mtu yule yule.

Tatu, makanisa, vyama vya wenyeji wa Kivu na kamati za wahamishwa. Mgeni akifika anasaidiwa kupata chumba na shule. Asaidiwe pia kupata fundi mwaminifu wa kwenda naye sokoni. Msaada huo haugharimu dola hata moja, na unaweza kuokoa akiba ya miaka 20.

Na mnunuzi mwenyewe asiende mikono mitupu. Kabla ya kwenda parkingi, aende kwanza kwa wauza piesi. Aulize bei ya vitu vinne vya gari anayoitaka: breki za mbele, amortiseri, pampu ya maji na kioo cha mbele. Akijibiwa bei mara moja, na duka la pili likamjibu vile vile, gari hiyo ina ndugu mjini. Akiulizwa "gari gani?" mara mbili, arudi nyumbani na fedha yake. Akiipata inayofaa, aione asubuhi kabla injini haijawashwa, isije ikawa imepashwa moto kuficha ugonjwa. Fundi achomoe kijiti cha mafuta ya gia na kuyanusa: mafuta meusi yenye harufu ya kuungua ni jibu tosha. Namba ya shasi ilinganishwe na karatasi, herufi kwa herufi. Fedha yote isitoke kabla karatasi hazijaonekana. Na sehemu ya fedha ibaki nyumbani kwa matengenezo ya miezi ya kwanza, kwa sababu hakuna gari iliyotumika isiyoomba kitu.

Nne au tano ya familia zilizokimbia vita zikifuata njia hiyo, makomisioneri watasikia haraka kwamba wageni wamefumbua macho, na maneno yao matamu yatapungua yenyewe. Hakuna haja ya kusubiri Kinshasa kwa hilo. Anayeuza gari bila kutaja piesi zake anauza nusu ya gari, lakini fedha anaichukua yote.